Orodha ya Mirontsy

Mtoto wa marehemu Bwana Mahamudi alinipigia simu kutoka Moroni siku chache baada ya mazishi. Sauti yake ilinishtua kwa kufanana na ya baba yake, ile sauti ya upole ya mtu anayekuomba kitu ambacho amekwisha kukipata. Alisema wanatengeneza kijitabu cha kugawiwa siku ya arobaini, na kila aliyefanya kazi na mzee ameombwa ukurasa mmoja. "Wewe bibi ndiye pekee uliyebaki katika waliokuwa ofisini mwaka ule wa uhuru," alisema. "Tuandikie habari za baba na amani. Wengi hawajui kwamba ile hotuba yetu ya kwanza kwa mataifa aliiandika yeye." Nikamwambia nitajaribu. Nikakaa barazani kwangu hapa Unguja, nilikoolewa na nilikozeekea, nikaandika kurasa hizi kwa Kiswahili, lugha ambayo yeye haisomi vizuri, na nadhani niliichagua kwa sababu hiyo. Kijitabu kimekwisha kuchapwa bila mimi. Nasikia kimependeza.

Chumba chetu cha kazi kilikuwa ghorofani, katika jengo la mawe meusi ya volkano karibu na bandari ya Moroni. Wafaransa walipohama waliondoka na mapazia, kwa hiyo kila alasiri jua lilitupiga usoni na sisi tukaendelea na kazi tumekunja macho. Palikuwa na meza mbili, yake na yangu, kabati la chuma lisilo na ufunguo, na mashine ya chapa ambayo herufi moja ilikuwa ikipanda juu ya mstari kila ukiigonga. Mchana tulikula humohumo, wali wa nazi na samaki, katika sahani zilizofunikwa kitambaa ambazo mkewe alituletea kutoka nyumbani. Bwana Mahamudi alikuwa mtu wa Ngazija, kisiwa chenyewe cha Moroni, aliyesoma Bukini, kisiwa kikubwa cha jirani, kisha Ulaya. Alikula taratibu, akaifuta miwani yake, ndipo akaanza kusema. Alisema nchi ndogo kama yetu haina manowari wala vifaru, ngao yake ni neno lake tu. "Madmazeli," alikuwa akiniita hivyo, kwa Kifaransa, ingawa ofisini hapakuwa tena na Mfaransa hata mmoja, "siku tutakayosimama mbele ya mataifa yote, tutakuwa na mikono mitupu. Basi iwe mitupu kweli." Mimi nilikuwa na miaka ishirini, msichana wa Mutsamudu, kisiwani Ndzuani, niliyeletwa Moroni kwa sababu nilijua kupiga chapa kwa vidole kumi bila kutazama. Sikuwahi kumsikia mtu mzima akisema namna ile. Wanaume wa kwetu walizungumza habari za harusi kubwa, za mashamba, za nani kaketi mbele ya nani msikitini. Huyu alizungumza habari za dunia bila bunduki, huku akichambua miba ya samaki kwa uangalifu na kuipanga ukingoni mwa sahani.

Mwaka ule mambo yalikwenda mbio. Uhuru ulitangazwa, na kabla hatujauzoea serikali ya kwanza ikapinduliwa. Rais aliyeondolewa akakimbilia Ndzuani, kisiwani kwake na kwetu, na kisiwa kikakataa amri za Moroni. Yakasemwa maneno ya mapatano, lakini mwisho Moroni ilipeleka vijana wenye silaha pamoja na wazungu wachache wa kukodiwa, na Mutsamudu ikachukuliwa. Hapakupiganwa sana. Lakini watu wa vijiji vya kando walikuwa wamejitokeza barabarani na walichonacho, magobori, bunduki za marisau za kufukuzia popo mashambani, bastola moja mbili za wazee waliotumikia jeshi la Wafaransa. Ilipokwisha, kila mtu alirudi nyumbani na silaha yake akaificha. Serikali mpya haikulala usingizi kwa ajili ya bunduki hizo. Na ujumbe wetu ulikuwa unajiandaa kwenda Amerika, kwenye baraza kubwa la mataifa, kuomba nafasi na kusoma hotuba juu ya amani. Bwana Mahamudi alisema haiwezekani kuwaambia walimwengu wapunguze mabomu yao ilhali sisi hatujui yaliyomo darini mwa nyumba za Mirontsy.

Ndipo akaandika lile tangazo. Nililipiga kwenye stensili, nikalitoa nakala mia kadhaa kwa mkono, wino ukanitapakaa mpaka kwenye viwiko. Lilikuwa fupi. Lilisema: kila mwenye silaha ailete mwenyewe katika siku saba. Jina lake litaandikwa ili apewe hati ya kwamba imepokewa. Hataulizwa aliipataje, wala hataulizwa alikuwa upande gani. Neno hilo, hataulizwa, lilikuja mara mbili, nami nililipigia mstari kwa sababu yeye aliniagiza. Kisha akaivua miwani akaniambia nitakwenda na maofisa wawili hadi Mutsamudu, nilisome kwa lugha ya nyumbani, kwa sababu Mndzuani akisikia lafudhi ya Ngazija siku zile alifunga mlango. Nilipanda ndege kwa mara ya pili maishani mwangu. Nilikuwa nimevaa viatu vipya na nimekumbatia bahasha ya matangazo kifuani, na nilijiona mtu mkubwa.

Mjomba wangu, Fundi Bakari, alikaa Mirontsy, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Mutsamudu. Fundi ndivyo tunavyowaita walimu wa dini. Nusu ya kijiji walisoma Kurani mbele yake, na nusu nyingine watoto wao. Alikuwa na bunduki ya marisau aliyorithi, akienda nayo shambani Patsy wakati wa matunda, na wakati wa machafuko alikaa nayo barabarani siku mbili pamoja na vijana wa kijiji. Bi Hisani, mkewe, alinikaribisha jikoni kama kawaida, tukakaa mkekani mbele ya chungu cha mataba, majani ya muhogo yaliyochemka na nazi tangu asubuhi. Mjomba alikuwa upande wa pili wa pazia na wanaume watatu. Nilikuwa namega wali huku nawasikia.

"Ikiwa hawataki kujua, jina la nini?" alisema mmoja.

"Hati," alisema mwingine. "Wafaransa nao walipenda hati."

"Msichana ni wa kwetu," alisema mjomba. "Ngojeni nimuulize yeye."

Akaniita. Nilisimama mbele yao na vidole vyangu vina mafuta ya nazi, nikamsomea tangazo lote, kisha akaniambia nimsomee tena lile neno lililopigiwa mstari. Nikalisoma. Aliniuliza kama namjua aliyeliandika. Nikamwambia ninamjua, nakula naye kila siku, ni mtu ambaye hajapata kuinua sauti. Aliniuliza, "Wewe ungeileta?" Nikasema ningeileta leo. Hakuniapisha. Wale watatu walimtazama yeye, si mimi, na yeye akaikunja karatasi, akaitia mfukoni mwa kanzu. "Tulikaa barabarani ili vijana wasifanye ujinga," alisema. "Hatukupiga risasi hata moja. Mtu ambaye hakupiga ana hofu gani?" Kesho yake Ijumaa, baada ya sala, aliwasomea watu tangazo lile msikitini kwa sauti yake mwenyewe.

Walikuja. Siku mbili za kwanza tulikaa bure katika darasa moja la shule ya Mutsamudu, maofisa wakisinzia, mimi nikipanga na kupangua penseli. Siku ya tatu aliingia mjomba, kanzu imepigwa pasi, bunduki ameishika kwa mikono miwili kama mtu anayebeba maiti ya mtoto. Akaniwekea mezani. Nikaandika: jina, kijiji, aina ya silaha, hali yake. Nyuma yake walikuwa wamepanga mstari hadi nje ya mlango. Walileta magobori yaliyofungwa kwa waya wa shaba, mitutu isiyo na vitako, bunduki ambayo buibui alikuwa amezaa ndani. Mzee mmoja alileta upanga, nikamwambia upanga hautakiwi, akanijibu kuwa ametoka Patsy kwa miguu, basi niuandike. Nikauandika. Watu walicheka. Nalikumbuka darasa lile kwa kicheko hicho, na kwa namna kila mtu alivyoniamkia kwa jina la mama yangu kabla ya kutaja lake.

Nimesoma baadaye, katika vitabu vya watu wengine, kwamba ukusanyaji wa silaha unategemea imani kuliko nguvu. Ni kweli. Lakini waandishi hao huizungumzia imani kama kitu kinachotoka kwa serikali kwenda kwa watu. Mimi niliiona ikipita njia yake. Ilitoka kwa Bwana Mahamudi ikaja kwangu juu ya sahani ya wali, ikatoka kwangu ikaenda kwa mjomba wangu nikiwa nimesimama mlangoni pa jikoni, ikatoka kwake ikaenda msikitini. Kila mmoja alimwamini yule aliyekuwa karibu naye. Hakuna hata mmoja wa Mirontsy aliyeiamini serikali.

Niliporudi Moroni, Bwana Mahamudi alinipokea kwa furaha ya kweli. Aliagiza chai na mikate ya kumimina, akazisoma karatasi zangu akiitikia kwa kichwa kila mstari, akaucheka ule upanga. Akanitaka niipige orodha yote upya, nakala tatu, na niongeze safu ya tano. Nikamuuliza safu ya nini. "Ya kumbukumbu tu," alisema. "Baraza la mataifa watapenda kujua silaha zilitoka kwa wakulima au kwa watu waliokuwa barabarani. Wewe unawajua. Huyu, Saidi wa Patsy?" Nikasema huyo mkulima, hakutoka shambani siku zile. "Na huyu?" Huyo alikuwa forodhani. Nilijibu kwa haraka, kama mwanafunzi anayejua majibu yote, huku chai yangu ikipoa, na nikaona fahari kwamba bwana mkubwa kama yule anaandika kwa kalamu yake maneno yanayotoka kinywani mwangu. Tukafika kwa mjomba.

"Fundi Bakari?"

"Huyo ni mjomba wangu. Alikaa barabarani siku mbili na vijana, ili wasifanye ujinga. Hakupiga risasi hata moja."

Aliandika, akanigeuzia karatasi niipige. Aliandika: barabarani, pamoja na vijana. Nikamwambia, "Bwana, na ile kwamba hakupiga?"

"Safu ni nyembamba, Madmazeli," alisema.

Nafasi ilikuwepo. Nilikuwa nikiitazama. Niliingiza karatasi tatu na kaboni mbili katika mashine, nikapiga kama ilivyoandikwa.

Wiki iliyofuata tulishughulika na hotuba. Bwana Mahamudi aliiandika na kuifuta mara nyingi, akinisomea kila aya akiwa amesimama dirishani, nami nikaipiga mpaka nikaijua kwa moyo kama sura fupi za Kurani. Ilisema kuwa taifa letu changa linakataa mashindano ya silaha ya mataifa makubwa. Ilisema bahari yetu iwe bahari ya amani, isiyo na manowari za atomiki. Ilisema tunaamini kwamba hakuna ugomvi kati ya ndugu usioweza kumalizwa kwa mazungumzo. Na ilikuwa na aya moja juu ya Ndzuani: kwamba baada ya tofauti ndogo, wananchi wenyewe walileta silaha zao kwa hiari yao, bila kushurutishwa, na hivyo nchi ndogo imewapa wakubwa mfano. Nilipofika hapo machozi yalinilengalenga. Niliipenda aya hiyo kuliko zote, kwa kuwa ilikuwa yangu.

Nakala ya mwisho nilikuwa naipiga asubuhi, dirisha li wazi. Nikasikia lori kutoka bandarini likisimama uani, na sauti za vijana wakiamrisha watu washuke. Sikuinuka hadi niliposikia mtu akikohoa. Kikohozi cha mtu wa nyumbani unakijua. Nilitazama chini nikawaona wamechuchumaa kwenye kokoto nyeusi, safu mbili, wamefungwa kamba kiunoni mmoja baada ya mwingine. Walikuwa wamenyolewa vichwa na ndevu kwa wembe mkavu, na nyuso za wazee zilikuwa na michirizi ya damu iliyoganda. Sikumtambua mjomba kwa uso, maana uso wake bila ndevu sikuwahi kuuona. Ulikuwa mdogo, kidevu kimeingia ndani. Nilimtambua kwa kanzu. Pembeni yake alikuwa mzee wa upanga. Kijana mmoja mwenye bunduki alikuwa na karatasi mkononi, akiita majina, na hata kutoka juu nilikokuwa niliijua ile herufi iliyopanda juu ya mstari.

Nilikwenda mezani kwa Bwana Mahamudi. Alikuwa amekwisha kuona, kwa sababu kiti chake alikuwa amekigeuza kulielekea kabati. Nikamwambia, "Bwana, tulisema hawataulizwa." Sikuona hasira usoni mwake wala aibu, ila ule uchovu wa mwalimu ambaye mwanafunzi wake mzuri amekosea hesabu nyepesi.

"Tulisema hataulizwa," alisema. "Hakuulizwa. Tulikuuliza wewe."

Kisha akaniomba nimalizie ukurasa wa mwisho kwa sababu ndege ya ujumbe ilikuwa mchana. Naandika hili bila kulizunguka: niliumaliza. Nilikaa, nikaweka vidole vyangu kumi mahali pake, nikaupiga hadi nukta, bila kosa hata moja. Nilipomaliza ua ulikuwa mtupu na mtu alikuwa anamwagia maji kokoto.

Niliacha kazi baada ya mwezi. Niliandika barua tatu kuwaombea na hakuna aliyejibu. Wafungwa walipelekwa kuvunja mawe ya volkano kwa ajili ya barabara, upande wa Vouvouni. Mara mbili nilitembea hadi huko na chakula, na mara mbili walinzi walikula wao nikiwa nimesimama hapo hapo, wakanirudishia sahani. Mzee wa upanga alifia huko. Wengine waliachiwa wakati wa mvua, wakarudishwa Ndzuani bila kuambiwa walishtakiwa kwa nini. Nami nikapanda boti ya mizigo nikawafuata.

Bi Hisani alinifungulia mlango. Sikuthubutu kumbusu mkono. Alinisimamisha ukumbini akanieleza kwa sauti ndogo, ili mjomba asisikie, lakini akanieleza yote. Siku ya kwanza ya mawe, mlinzi alimuuliza mjomba ni mkono gani uliokuwa umeshika bunduki barabarani. Mjomba akainua wa kulia. Maisha yake yote alikuwa amewafundisha watoto kupokea na kutoa kwa mkono wa kulia, na alipoulizwa alijibu ukweli. Wakauweka juu ya jiwe, wakatumia nyundo ya barabarani. "Sasa namlisha mimi," alisema Bi Hisani. "Hataki kula kwa kushoto. Na chuo chake cha Kurani hakina mtu. Watoto wameondolewa wote. Wanasema aliwauza, kwa sababu yeye ndiye aliyewasomea ile karatasi." Nikamuuliza, "Hakuwaambia kuwa ni mimi?" "Hakuwaambia," alisema. "Mimi ningewaambia."

Mjomba alikuwa ameketi chumbani penye dirisha dogo, mkono umelala mapajani umefungwa kitambaa safi. Ndevu zilianza kurudi, nyeupe tupu. Nilipiga magoti nikamwambia yote: chai, safu ya tano, maneno niliyoyasema na maneno niliyoyaacha. Nikamwambia Ijumaa nitasimama nje ya msikiti niwaeleze watu kwamba aliyewataja ni mimi.

"Hapana," alisema. "Walinifuata mimi. Sikuwaambia wamfuate msichana. Ukisema, watanidharau kwa kumwamini mtoto, na wewe hutapata mume hapa. Waache na hasira yao. Wamezoea."

Nikalia, naye akaniacha nilie bila kunizuia wala kunifariji. Kisha akaniuliza kama ile hotuba ilisomwa. Nikasema ilisomwa, redio ilitangaza, na mataifa yalipiga makofi na kutupa kiti. Akasema nimsomee. Nikamwambia sina karatasi. "Ulikuwa unahifadhi upesi tangu mdogo," alisema. "Soma."

Nilimsomea kwa lugha ya nyumbani, nikifasiri kichwani aya baada ya aya. Alinisikiliza kwa namna alivyowasikiliza wanafunzi wake, ameinamisha kichwa, macho yamefungwa, midomo ikinifuata. Nilisoma juu ya manowari, juu ya bahari ya amani, juu ya ndugu na mazungumzo. Nilipofika kwenye aya ya Ndzuani nikairuka, nikaingia kwenye aya ya shukrani. Mjomba alifungua macho.

"Umeruka," alisema. "Rudi."

Nikarudi. Nikasema kwamba wananchi wenyewe walileta silaha zao kwa hiari yao, bila kushurutishwa. Aliniambia nirudie, nikarudia. Alitafakari kidogo, kama anayepima iwapo mwanafunzi amepita au hakupita.

"Hapo hawakusema uongo," alisema. "Tulileta kwa hiari."

Akamwita mkewe aje amlishe, akaniambia nitoke chumbani, kwa sababu hakutaka nimwone anakula.